Shahada ya mtandaoni na ukuu wa shule Texas: anza na cheti, chuo kifuate

Swali: Habari za kazi. Ninafundisha hisabati katika shule ya kati ya umma hapa Texas. Huu ni mwaka wangu wa tatu na nina cheti cha ualimu cha jimbo. Shahada ya kwanza niliipata Afrika Mashariki. Nataka kusoma shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu kwa njia ya mtandao ili niwe mkuu wa shule. Kuna chuo cha jimbo jingine kinanipigia simu kila wiki: miezi 12, hakuna mtihani wa kuingilia, ada kwa mkopo wa serikali. Nikimaliza nitakuwa na sifa za kuwa mkuu wa shule? Wilaya za shule zinaichukuliaje shahada ya mtandaoni? Nina watoto wawili na siwezi kuacha kazi.

Jibu: Mwalimu, kwa shahada peke yake, hapana. Na kwa chuo hicho unaweza usifike kabisa, au ukafika kwa kuzunguka sana. Marekani haina leseni moja ya taifa ya ukuu wa shule. Kila jimbo lina cheti chake, masharti yake na mitihani yake. Chuo hutoa shahada, lakini anayetoa cheti ni jimbo. Wengi huanza kwa kuchagua chuo, wakishalipa ada ya mihula miwili ndipo wanaulizia cheti. Wewe anza na cheti, halafu urudi nyuma mpaka kwenye chuo.

Cheti cha Texas kinaitwa Principal as Instructional Leader. Kinakuruhusu kuongoza shule ya ngazi yoyote, kuanzia elimu ya awali hadi darasa la 12, na ndicho hicho hicho anachohitaji naibu mkuu wa shule. Ili ukipate lazima utimize mambo matano: uwe na shahada ya uzamili kutoka chuo chenye ithibati, uwe na cheti halali cha ualimu, uwe umefundisha darasani kwa miaka 2 inayotambuliwa, umalize programu ya maandalizi ya wakuu wa shule iliyoidhinishwa na jimbo, na ufaulu mitihani miwili. Uzamili ni sharti moja kati ya matano. Mawili unayo tayari: cheti cha ualimu na miaka ya kufundisha. Hiyo miaka ihakikishe mapema kwa kuomba rekodi yako ya utumishi katika ofisi ya rasilimali watu ya wilaya, uisome mstari kwa mstari. Mwaka uliorekodiwa vibaya hurekebishwa kwa urahisi ukiwa bado mfanyakazi wa wilaya hiyo kuliko ukishahama.

Sasa hicho chuo cha jimbo jingine. Anayemaliza programu ya nje huhesabiwa na Texas kuwa ameandaliwa nje. Kwa kawaida hutakiwa kwanza kupata cheti cha ukuu wa shule cha jimbo ambako programu imeidhinishwa, kisha akilete Texas kikaguliwe, kisha akabiliane na mitihani ya hapa. Watu hukwama kwenye hatua ile ya kwanza. Jimbo lile linaweza kukudai cheti chake cha ualimu ambacho huna, mtihani ambao hukuupangia, au miaka ya kazi ambayo hujaifikisha. California, kwa mfano, inataka uzoefu wa miaka 5 na New York inataka 3. Mtu anajikuta ana shahada mkononi, lakini jimbo alilosomea halimpi cheti kwa sababu hajawahi kufundisha huko, na jimbo analofundisha nalo linamsubiri alete cheti cha kule.

Ukiuliza swali hili kwenye simu utaambiwa, "Sisi tupo kwenye SARA." Ni kweli, na haikusaidii. SARA ni makubaliano ya majimbo yanayoruhusu chuo kuandikisha wanafunzi wa mtandaoni nje ya jimbo lake. California peke yake haimo. Makubaliano hayo yanahusu ruhusa ya chuo kukufundisha ukiwa Texas. Hayasemi lolote kuhusu Texas kukupa cheti baadaye. Kanuni nyingine ndiyo yenye faida kwako: tangu Julai 1, 2020 serikali kuu inavitaka vyuo vieleze hadharani, jimbo kwa jimbo, kama programu zao za taaluma zenye leseni zinatimiza masharti. Nenda kwenye tovuti ya chuo, tafuta maneno professional licensure disclosures, fungua uongozi wa elimu, angalia mstari wa Texas. Ukikuta imeandikwa kwamba haitimizi, mazungumzo yameishia hapo, hata kama ada ni nafuu kiasi gani.

Tena, anayekupigia kila wiki huenda si mfanyakazi wa kitivo. Vyuo vingi vya mtandaoni vimeingia mkataba na kampuni binafsi zinazotafuta wanafunzi, na baadhi ya kampuni hizo hulipwa sehemu ya ada utakayotoa. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini kuchambua kanuni za vyeti za Texas si kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mwombe jina na barua pepe ya afisa wa vyeti wa kitivo cha elimu. Mwandikie huyo swali moja: mwalimu mwenye cheti cha Texas, anayeishi na kufanya kazi Texas, akimaliza programu yenu, je, ninyi wenyewe ndio mtakaompendekeza kwa jimbo apewe cheti cha Principal as Instructional Leader? Jibu liwe la maandishi. Programu iliyoidhinishwa Texas itajibu ndiyo kwa sentensi moja. Ukipata aya tatu za maelezo, jua jibu ni hapana.

Angalia pia jina la mkondo ndani ya shahada. Shahada mbili zinaweza kuitwa uongozi wa elimu zote mbili, moja ikiwa na maandalizi ya cheti na nyingine bila. Ya pili huwa imekusudiwa watu wa vyuo vikuu, mashirika au sera. Hiyo ya bila cheti mara nyingi ndiyo ya haraka na rahisi, kwa sababu haina mafunzo kwa vitendo shuleni. Miezi 12 uliyotajiwa inanitia shaka upande huu hasa. Kwa mwalimu ambaye tayari ana uzamili wa fani nyingine, mambo ni mepesi: Texas haidai uzamili uwe wa uongozi, kwa hiyo anahitaji programu ya cheti tu, bila shahada ya pili. Vyuo vinazo, na baadhi ya vituo 20 vya huduma za elimu vya kanda za jimbo vinazo pia. Kulipia uzamili wa pili katika hali hiyo ni kutupa pesa.

Ithibati haichukui muda kuithibitisha. Wizara ya Elimu ya Marekani ina hifadhidata iitwayo DAPIP. Andika jina la chuo uone nani amekipa ithibati na kama bado ipo. Kwa Texas na majimbo ya kusini utakutana sana na SACSCOC, na katikati ya nchi HLC. Juu ya ithibati ya chuo kizima kuna ya programu za elimu, inayotolewa na CAEP miongoni mwa wengine. Ni alama nzuri, lakini kwa cheti cha Texas uzito upo kwenye idhini ya jimbo. Shahada yako ya Afrika Mashariki itahitaji tathmini ya kozi kwa kozi kutoka taasisi inayotambuliwa, mara nyingi mwanachama wa NACES. Kama ulifanyiwa tathmini ulipoomba cheti cha ualimu, uliza chuo kama wanaikubali hiyo hiyo kabla ya kulipia mpya. Nakala rasmi ya matokeo kutoka chuo chako cha zamani ndiyo inayochelewesha watu. Iagize kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Twende kwenye muda, maana hapa tangazo na maisha huachana njia. Uzamili wa aina hii huwa na krediti 30 hadi 36, kozi moja krediti 3. Kipimo cha serikali cha krediti moja ni takriban saa 1 ya kipindi na saa 2 za kazi ya nje kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Kozi ya krediti 3 basi ni saa 135. Ikienda wiki 15, ni saa 9 kwa wiki. Vyuo vya kasi huibana kozi hiyo hiyo katika wiki 7 au 8, na hapo inakuwa kati ya saa 17 na 19 kwa wiki. Shahada ya krediti 30 ina saa 1,350. Ukiigawa kwa wiki 52 unapata saa 26 kila wiki bila likizo, juu ya kazi ya kutwa, na bado hatujaingiza mafunzo kwa vitendo. Kwa miezi 18 zinashuka hadi kama saa 17, kwa miaka miwili 13. Kwa mwenye watoto wawili nashauri miezi 18 hadi 24, na usichukue kozi yoyote ngumu mwezi wa majaribio ya jimbo, Aprili na Mei mwanzoni, wakati shule nzima inakimbizana na STAAR. Uliza pia kama kozi zina vipindi vya moja kwa moja vya jioni au kila kitu kimerekodiwa, na kama kozi za kiangazi zipo. Programu inayokuruhusu kuruka kipindi kimoja bila kukuondoa kwenye kundi ni ya thamani kubwa kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu mtoto huugua wiki ya sita ya kozi ya wiki saba.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo sehemu ambayo mtandao hauwezi kukufanyia, na ndiyo inayowashinda wengi. Texas inataka angalau saa 160 shuleni, chini ya wasimamizi wawili: mmoja wa shuleni, ambaye ni kiongozi mwenye cheti na uzoefu, na mwingine kutoka kwenye programu, ambaye atakufanyia uangalizi rasmi angalau mara 3, mmoja katika kila theluthi ya mafunzo. Viwango vya kitaifa vya NELP vya 2018 vinalenga juu zaidi, miezi 6 ya mazoezi kwa saa 10 hadi 15 kwa wiki, kwa hiyo programu nyingine zitakudai zaidi ya 160. Uliza namba kamili.

Piga hesabu. Kipindi chako cha maandalizi ni dakika 45 kwa siku, yaani saa 3 na dakika 45 kwa wiki. Ukikitoa chote sadaka, saa 160 zinahitaji karibu wiki 43, na mwaka wa masomo una kama wiki 36. Haitoshi, na ungekuwa umeua maandalizi ya hisabati zako, ambayo ndiyo sifa yako ya kwanza mbele ya mkuu wako. Kiangazi hakikuokoi peke yake pia, kwa sababu kanuni inakataza mafunzo yote kufanyika wakati wa likizo ya kiangazi tu. Njia inayofanya kazi ni kuchanganya. Wiki mbili za Agosti kabla wanafunzi hawajarudi, wakati ratiba kuu inapangwa na vitabu vinagawiwa. Zamu ya asubuhi ya mapokezi ya mabasi. Kamati ya uboreshaji wa shule, ambayo hukutana baada ya masomo. Uratibu wa siku za majaribio. Wiki nne za shule ya kiangazi kwa saa 4 za siku nne kwa wiki zinakupa 64. Siku kadhaa za kutwa mwaka mzima ambazo mkuu wako atakutafutia mwalimu wa kukaimu. Hizo za mwisho zinatoka kwenye bajeti ya shule, kwa hiyo ziombe mwezi Mei kwa ajili ya mwaka unaofuata. Ukiziomba Oktoba utakuta pesa hiyo imeshapangiwa kazi nyingine.

Zungumza na mkuu wako kabla hujajaza fomu ya chuo. Mwombe mambo mawili: awe msimamizi wako, na akuruhusu kuongoza, usiwe mtazamaji. Tofauti yake ni hii. Kukaa kwenye kikao cha data ya darasa la 7 ukiandika kumbukumbu ni kutazama. Kuchukua matokeo ya jaribio la Novemba, kubaini kwamba wanafunzi wanaojifunza Kiingereza wanaanguka kwenye maswali ya maneno ya uwiano, kukaa na walimu watatu kupanga wiki nne za marekebisho, kuingia madarasani kuona kinachofanyika, na kurudi na matokeo ya Januari, huko ni kuongoza. Shajara ya saa zako iandike siku hiyo hiyo: tarehe, saa, kazi, kiwango kinachohusika, nani alikuwepo, uamuzi gani ulifanyika. Anayesubiri mwisho wa muhula huandika makisio, na msimamizi wa programu huyarudisha. Msimamizi wako asiwe ndugu yako, hiyo kanuni inakataza. Kama mkuu wako anatarajia kuhama, tafuta naibu mwenye sifa ambaye atabaki, kwa sababu kubadilisha msimamizi katikati kunakurudisha kwenye makaratasi upya.

Mtihani wa kwanza ni namba 268 katika TExES, yaani mitihani ya vyeti vya elimu ya Texas. Una maswali 70 ya kuchagua na manne ya kuandika, na alama ya kufaulu ni 240 kwenye kipimo cha 100 hadi 300. Huwezi kujiandikisha mpaka programu yako ikuruhusu, na Texas ina kikomo cha majaribio matano kwa mtihani mmoja, kwa hiyo usiende "kuuonja". Maswali manne ya kuandika ndiyo yanayoangusha walimu wazuri. Wanaandika kama walimu: nitamsaidia mwanafunzi huyu hivi. Mtihani unataka uandike kama kiongozi: nitamjenga mwalimu huyu hivi, kwa ushahidi huu, nitafuatilia kwa utaratibu huu, na tarehe fulani nitapima. Katika majimbo mengine mengi mtihani ni SLLA namba 6990, wenye maswali 120 ya kuchagua na manne ya kuandika kwa saa 4, na kila jimbo linajiwekea alama yake.

Wa pili ni namba 368, unaoitwa PASL, na huu haufanyiwi kwenye kituo. Ni kazi tatu unazozitekeleza shuleni kwako na kuzituma kwa maandishi na vielelezo: kutatua tatizo lililoko shuleni, kuendeleza walimu kitaaluma, na kujenga utamaduni wa ushirikiano. Kazi ya tatu ina video ya dakika 15 inayokuonyesha ukiwa na timu yako. Kila mtu mzima na kila mwanafunzi anayeonekana au ambaye kazi yake inatumika lazima awe na fomu ya ruhusa. Mtu hurekodi kikao kizuri sana mwezi wa Machi, kisha mwalimu mmoja kati ya wanne anakataa kusaini, na video yote inakuwa haifai. Kusanya saini kabla ya kurekodi, na angalia kama wilaya ina kanuni yake juu ya kurekodi. Kazi za PASL hupokelewa katika vipindi maalumu vya mwaka, si siku yoyote upendayo. Kwa hiyo tazama kalenda ya vipindi hivyo kabla ya kupanga mafunzo kwa vitendo, uviendeshe pamoja. Saa zako 160 na vielelezo vya PASL viwe kazi ile ile. Programu nzuri imezipanga hivyo tayari. Programu isiyoitaja PASL kabisa kwenye maelezo yake haikuandaliwa kwa ajili ya Texas.

Kozi zenyewe utazipimaje? Omba silabasi ya sheria ya elimu na ya elimu maalumu, usome maswali ya kazi zake. Swali la maana linafanana na hili: mvulana wa darasa la 8 mwenye IEP, yaani mpango wake binafsi wa elimu maalumu, ameshatolewa shuleni siku 8 mwaka huu kwa vipande vya siku mbili mbili, kwa makosa yanayofanana. Leo amepigana, na naibu wako anataka kumtoa siku 3 zaidi. Ufanye nini? Jibu lina tabaka. Kwanza, haki ya msingi iliyowekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Goss v. Lopez mwaka 1975: mwanafunzi aambiwe anatuhumiwa nini, na akikana aelezwe ushahidi na apewe nafasi ya kusema upande wake. Pili, siku 8 na 3 ni 11, zimevuka 10, na kwa kuwa makosa yanafanana zinaweza kuhesabiwa kuwa mabadiliko ya mahali pa kusomea chini ya IDEA, sheria ya serikali kuu ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu. Mzazi lazima ajulishwe siku uamuzi unapofanyika, na ndani ya siku 10 za shule kamati ya ARD, inayopanga elimu maalumu ya mwanafunzi, ikae kuamua kama kosa linatokana na ulemavu wake au na shule kutotekeleza IEP. Likiwa linatokana, kwa kawaida anarudi alikokuwa, na mpango wake wa tabia unatazamwa upya. Silaha, dawa za kulevya na jeraha kubwa la mwili zina kanuni yake ya hadi siku 45 za shule. Kosa la kiongozi mpya ni kuhesabu kila adhabu kivyake, siku 2, siku 2, siku 3, bila kujumlisha, mpaka wakili wa familia amjumlishie. Kozi inayokufundisha kuona siku ya 11 kabla haijafika ndiyo unayoilipia. Kozi ambayo kazi yake ni kuandika maoni mawili kwa wiki kwenye jukwaa la majadiliano la mtandaoni na "kuwajibu wenzako wawili" haitakuandaa kwa Jumatatu kama hiyo.

Kuhusu fedha, usichukue mkopo kabla ya kumaliza vyanzo vingine. Uliza wilaya kama inachangia masomo: mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kutozwa kodi ya mapato kwenye kiasi hicho. Wilaya nyingine zina makundi ya kuandaa viongozi wao wenyewe, zikishirikiana na chuo, na humo hata msimamizi wa mafunzo hupangwa na wilaya. Kundi la namna hiyo likiwepo kwenu, lipe uzito mkubwa. Kwenye kodi kuna Lifetime Learning Credit, asilimia 20 ya gharama hadi dola 10,000, yaani isizidi 2,000 kwa mwaka, kwa wenye kipato kilicho chini ya kikomo, na gharama zile zile usizidai mara mbili. Mikopo ya serikali kuu ni ya raia na wageni wenye hadhi inayokubalika, mfano kadi ya kijani. Mkopo wa moja kwa moja kwa uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka, riba inaanza siku pesa inapotoka, na lazima uwe umesajiliwa angalau nusu ya mzigo kamili. Uliza chuo kinaitafsirije nusu hiyo kwa anayechukua kozi moja moja ya wiki 7. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imefuta Grad PLUS, mkopo wa ziada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, basi usipange hesabu zako juu yake.

Na hapa kuna mtego wa mwalimu hasa. Kama ulisomea ualimu kwa TEACH Grant, msaada wa serikali kuu kwa wanaosomea ualimu, una deni la miaka 4 ya kufundisha ndani ya miaka 8. Ukitoka darasani kwenda ofisini kabla ya kuitimiza, msaada unageuka mkopo wenye riba ya tangu mwanzo. Msamaha wa mikopo ya walimu nao unataka miaka 5 mfululizo ya kufundisha. PSLF, msamaha wa mikopo kwa watumishi wa umma, kinyume chake inahesabu mwajiri, haijali cheo: malipo 120 yanayostahili ukiwa mwajiriwa wa muda kamili wa wilaya ya umma yanahesabika ukiwa mwalimu au mkuu wa shule. Kwa hiyo tarehe ya kutoka darasani ipange ukiwa na karatasi hizi mezani.

Wilaya zinaichukuliaje shahada ya mtandaoni? Cheti cha shahada kwa kawaida hakiandiki kwamba ulisoma mtandaoni, na kozi ya mtandaoni ni njia ya kawaida kabisa kwa walimu walio kazini. Jopo la usaili litakuuliza umeongoza nini. Mwenye jibu la wanafunzi wa Kiingereza na maswali ya uwiano, lenye namba za Novemba na za Januari, hataulizwa alikaa wapi akisoma. Mwenye shahada tupu ataonekana hivyo hata kama ilitoka chuo chenye jina kubwa.

Nafasi ya kwanza itakuwa unaibu, na wilaya nyingi huanza kutafuta manaibu majira ya kuchipua. Hesabu kwa kurudi nyuma: kama unataka kuomba Machi wa mwaka wa pili, mtihani 268 uwe umeshafaulu Desemba, na PASL iwe imetumwa. Wakati unasubiri matokeo, fanya mafunzo ya uongozi ya AEL ya siku 3, kisha ya T-TESS, mfumo wa Texas wa kutathmini walimu, pamoja na mtihani wake, ili uruhusiwe kutathmini walimu. Hayo hayamo ndani ya shahada, lakini naibu asiyeweza kutathmini walimu anamwachia mkuu mzigo wake wote, na wanaoajiri wanalijua hilo. Cheti chenyewe unakiomba kwenye mfumo wa TEAL wa jimbo, na programu yako inakupendekeza humo humo. Kikitoka kina muda wa miaka 5, na kukihuisha kunahitaji saa 200 za mafunzo endelevu, kwa hiyo hifadhi kila cheti cha mafunzo kuanzia siku hiyo.